Gitaa Ndani ya Shimo la Ndizi

Miaka ile ya vita, kila Jumapili baada ya misa, wanaume watatu walikuwa wakikaa kwenye benchi langu na kulilia vitu. Hawakulilia watu, ingawa Mungu anajua watu tulikuwa tumewapoteza pia. Walililia gitaa, spika, nyuzi. Nimeuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hapa Butembo tangu nilipoolewa, na walevi nimewaona wa kila namna, lakini mwanamuziki asiye na chombo chake ndiye anayechosha kuliko wote, kwa sababu huanza kulia hata kabla hajanywa.

Wa kwanza ni Muyisa. Vita vilipoanza aliuza amplifaya yake kwa wachimba dhahabu. Alidhani wanataka muziki kule machimboni. Kumbe walitaka ile sumaku iliyo nyuma ya spika, ya kuvutia mchanga mweusi ili dhahabu ibaki peke yake. Mwaka uliofuata alipita machimbo ya Manguredjipa akalikuta sanduku lake kando ya mto, tupu, kuku amelalia mayai ndani. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu, na kila Jumapili kuku huyo aliongeza yai.

Wa pili ni Kitsa, fundi redio, aliyekuwa akipiga besi. Yeye aliuza nyuzi zake nne, moja moja, kwa wenye baiskeli waliokosa waya za breki. "Leo kuko batu bane banashukaka mulima bila kuanguka, juu ya besi yangu," alikuwa akisema, na machozi yakimlenga. Sasa mimi ningemjibu nini? Aliziuza mwenyewe, kwa mkono wake, hakuna aliyemshikia panga.

Wa tatu ni mume wangu, Salomon. Yeye hakuuza. Ndiyo maana aliongea wa mwisho, na wenzake wakainamisha vichwa kana kwamba wako msibani.

"Miye niliifichaka mubaya," alikuwa akisema. "Mubaya sana, bandugu. Baaskari bakafukua."

Hapo mimi nilichukua ndoo yangu na kuingia jikoni, kwa sababu hakuna askari aliyefukua kitu. Gitaa la Salomon nililichoma mimi.

Lakini nisikilizeni vizuri kabla hamjanihukumu. Ndizi za kasiksi huivishwa shimoni. Unachimba shimo la kufika kiunoni, unalijaza majani makavu ya mgomba, unatia moto mpaka kuta zipate joto, halafu unapanga ndizi ndani, unafunika kwa majani mabichi na udongo. Siku ya tano zimeiva. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo, na Salomon alikua akicheza kando ya shimo la mama yake. Mwaka wa 1999 tulikaa miezi miwili bila ndizi, kwa sababu njia za mashambani zilikuwa hazipitiki, na shimo langu lilikuwa tupu. Basi mume wangu akawaza kwa akili yake ya mwanamuziki: askari hupekua darini, hupekua chini ya kitanda na ndani ya gunia la maharagwe, lakini nani atapekua shimo la pombe? Akalifunga gitaa lake jekundu kwa turubai, akalilaza chini kabisa, akajaza majani makavu juu yake mpaka ukingoni. Majani makavu! Kisha akaenda Beni kumzika shangazi yake.

"Gitare nimeificha," aliniambia akiwa mlangoni. "Usiniulize fasi gani. Ukijua, batakupiga mpaka useme."

Hapo alikuwa na haki, siwezi kumnyima. Alitaka kunikinga.

Siku ya pili jirani akaniletea mikungu sita, ya kwanza baada ya miezi yote ile. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakuta shimo limeshajazwa majani, makavu, yamepangwa vizuri. Mnajua nilifanya nini? Nilimsifu. Nilisema moyoni, angalia, kumbe mwanaume huyu ananifikiria, amenitayarishia kazi yangu kabla ya safari. Nikatupa kaa la moto.

Moto ulishika vizuri, halafu ukaanza kunuka rangi. Halafu shimo likalia. Nikadhani ni kopo. Likalia tena, juu zaidi. Lilipolia mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa kwamba ni nyuzi zinakatika, nikashika mti nikaanza kufukua moto ule kama mwehu, nikaungua huu mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Turubai lilikuwa limeyeyuka na kushikamana na mbao, na mbao ilikuwa inawaka kwa furaha, maana ilikuwa mbao nzuri. Nilichotoa ni zile funguo sita za kukazia nyuzi, na vipande vya chuma. Nikavitia katika kopo la maziwa ya unga, nikalisukuma juu ya boriti ya jikoni, kwenye moshi.

Na ndizi nilizipanga. Shimo lilikuwa limeshapata moto, ningefanya nini? Kasiksi ya wiki ile ilisifiwa mtaa mzima.

Siku sita baadaye, ndizi zikiwa zimeshatoka shimoni, askari walipita kweli. Walichukua mbuzi wawili, godoro, na sufuria yangu kubwa. Walipoondoka nilichukua jembe, nikalifukua shimo langu mwenyewe, nikarusha udongo huku na huku. Wakati ule kila kilichopotea kilisemwa kimechukuliwa na askari, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Salomon aliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilingoja awalaani askari. Nilikuwa tayari kuwalaani pamoja naye. Lakini alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akasema kwa sauti ndogo, "Niliificha mubaya."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilikasirika. Nilimwambia ainuke, anakanyaga majani yangu.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwanamume mzima, mwenye vidole vile, akawa ananibebea maji na kusaga mtama wa kasiksi, na kila alipoona kikosi kipya cha askari mjini alikwenda kuuliza: hamkuona gitaa moja jekundu? Mara mbili walimpiga. Mara moja walimvua viatu. Kila mara nilimuuguza huku nikimgombeza. Kopo lilikuwa juu ya kichwa changu siku zote hizo, na sikulishusha, kwa sababu kila mwaka uliopita ulifanya neno lile kuwa zito zaidi.

Halafu akaja Idi. Idi ni Mwislamu wa Beni, mwenye lori, mtu mzuri, ila ulimi wake hauna mlango. Alikuja kupakia maharagwe, akaegemea ukuta wangu akasema, "Mama Séphora, baba iko? Kuko kamanda moja ku bariere ya Mbau, iko na gitare nyekundu. Nimeiona na haya macho."

"Gitare nyekundu ziko mingi," nikasema.

Lakini Salomon alikuwa ameshaingia kutafuta viatu. Nilisema njia ni mbaya. Nilisema Mbau watu wanauawa. Nilisema tuna binti wa kuozesha, nani atapokea mbuzi wa mahari? Nilisema kila kitu isipokuwa lile neno moja ambalo lingemrudisha kwenye kiti. Mwishowe nikajaza kidumu cha kasiksi nikapanda naye juu ya magunia. Kama atapigwa risasi kwa ajili ya majivu, nilifikiri, heri na mimi niwepo.

Tulipita Beni, tukafika Mbau mchana. Kamanda alikuwa kijana wa umri wa mtoto wangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na gitaa lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa bariere, ule wa kufungia njia, pamoja na nguo zilizofuliwa. Salomon alivua kofia akaeleza habari yake. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Njo hii?" akauliza.

Salomon alilipokea. Aliligeuza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kidumu, na niliona shingo yake ikikauka, kwa sababu alitambua pale pale, kama mimi nilivyojua tangu Butembo. La kwake lilikuwa na alama ya sigara karibu na funguo. Hili halikuwa nayo.

"Njo yangu," akasema.

Nilitaka kumpiga kidumu cha kichwa. Miaka minne nimekufa na uongo wangu, na yeye anasema wa kwake kwa maneno mawili, mbele ya bunduki, bila hata kukohoa!

"Donc, beta, vieux," kamanda akasema kwa Kilingala chake. "Beta toyoka."

Salomon akakaa chini, kwenye vumbi, akapiga ili wasikie. Nyuzi zilikuwa na kutu, hapakuwa na amplifaya, sauti ilitoka nyembamba. Vidole vilikosea, vikarudi, vikakosea tena. Halafu vikakumbuka. Askari mmoja aliyekuwa anaosha sahani aliacha kuosha. Na mimi, badala ya kukasirika, nilijikuta nimeweka kidumu chini na nimejishika kifua, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba niliolewa na mtu huyu.

"Mubebe, baba," kamanda akasema. "Kwangu inalia sawa kuku. Mais pombe inabaki."

Pombe ikabaki.

Kitsa alifungua redio kuukuu akaunganisha gitaa humo. Sauti ilitoka na mafua, lakini ilitoka. Jumapili zangu zikajaa. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali, wakimbizi na wenyeji, wakacheza uani ingawa kuna matope. Salomon akanenepa. Alianza kunitania tena, akinipita jikoni ananigonga na kiwiko. Nilifurahi, niseme ukweli, nilifurahi sana. Na kila nilipofurahi nilikumbuka kwamba kuna mtu mahali fulani amekaa na wenzake kwenye benchi, anasema askari walichukua. Nilikuwa peke yangu duniani ninayejua kwa hakika kwamba gitaa lile ni la mtu mwingine. Nikimwita mume wangu mwongo, ataniuliza, wewe umejuaje?

Mtu huyo alifika mwezi wa tatu baada ya sisi kutoka Mbau. Aliitwa Ézéchiel, wa Eringeti. Vita vilimsukuma hadi Beni, mke wake Tamar na watoto wamepewa chumba na jamaa huko Bungulu, na yeye alikuwa amekuja Butembo kutafuta kibarua. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la msaada lenye mikono mirefu. Alilipa kikombe kimoja na hakukinywa. Alisikiliza nyimbo tatu nzima. Salomon alipopumzika, alisogea akiwa ameinamisha kichwa.

"Yaya, mukubwa yangu, munisamehe. Ile gitare mulitoa wapi?"

"Ni yangu ya zamani. Baaskari balinipokonya, balinirudishia. Juu ya nini?"

"Juu inafanana na yangu. Baliichukua ku Eringeti, mwaka jana."

Muyisa akacheka. Kitsa akasema magitaa mekundu yalitengenezwa kiwandani, si tumboni. Ézéchiel alinyoosha kidole bila kugusa.

"Nyuma, fasi shingo inashikana na mwili, kuko kachuma na misumari ine ya kuzungusha. Munifungulie ile kachuma. Chini yake nilichonga jina, na kisu: Tamar. Kwa sababu ilinunuliwa na maharagi yake. Misimu miwili alilima, hakujinunulia hata kitambaa. Nikamwambia, basi gitare hii ni yako, mi napigaka tu."

"Mutu wa kutoka huko," Salomon akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda, "anakuja kufungua gitare yangu mbele ya batu? Miye naifungua ya nini? Hapana! Hii gitare nililiaka miaka ine. Nilipigwaka juu yake. Uliza hawa! Nilificha mu shimo, baaskari bakafukua, Mungu akairudisha. Uliza bibi yangu!"

Na wote wakanigeukia.

Nilikuwa na kata mkononi. Ézéchiel naye alinitazama, si kwa matumaini, alinitazama kama mtu anavyotazama mlango ambao tayari anajua umefungwa. Nikamwaza Tamar, ambaye sijawahi kumwona, ameinama kwenye tuta la maharagwe misimu miwili. Nikaiwaza shingo ya mume wangu iliyonenepa tena. Kama nitasema ndiyo, gitaa litabaki na Jumapili zitabaki. Neno moja tu, na nilikuwa nimeshalisema miaka minne, lilikuwa limelainika mdomoni.

Nikatupa kata chini, nikaingia jikoni, nikapanda juu ya kinu, nikashusha kopo. Masizi yalinijaa usoni. Nilitoka nikalimwaga lote juu ya meza, katikati ya vikombe: funguo sita nyeusi, vipande vya chuma.

"Ni mutu gani," nikapiga kelele, "ni mutu gani mwenye akili anafichaka gitare mu shimo ya ndizi? Nyamuhanga, Mungu wangu! Mu shimo ya ndizi! Chini ya majani makavu! Ulifikiri ile shimo tunapikia nini, Baba Séphora? Ulifikiri nitafanya nini nikiona majani iko tayari? Nilikusifu! Nilikusifu kwa roho yangu, nikatia moto!"

Nilijipangusa masizi machoni.

"Baaskari hapana fukua. Ni miye. Nilichoma, nikafukua na jembe, nikakudanganya. Na ile siku ya Mbau nilijua, na wewe ulijua, na tulirudi juu ya magunia kila mutu na uongo yake kama bibi na bwana ya kweli. Nimechoka! Patia huyu baba gitare ya bibi yake."

Nilitaka anijibu kwa ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi hata, ingawa hajawahi. Salomon alizisogeza zile funguo kwa kidole kimoja, akazipanga tatu huku na tatu huku, kama zinavyokaa kichwani mwa gitaa. Moja alijaribu kuizungusha. Haikuzunguka.

Halafu akaomba bisibisi. Kitsa alikuwa nayo mfukoni, akaitoa. Salomon alifungua misumari ile minne mwenyewe, akainua kibati, akasoma, akakigeuza ili Ézéchiel aone. Herufi zilikuwa kubwa, za mtu asiyezoea kuandika. Akafunga tena, akakaza vizuri, akafuta gitaa kwa shati lake, akalitoa kwa mikono miwili.

"Ku Mbau nilijua," alimwambia Ézéchiel. "Mutanisamehe, ndugu yangu. Nilisema, yangu iko mu mikono ya mutu fulani, naye anajua haiko yake, mais anaipiga. Basi na miye nipige hii. Nilifikiri tuko sawa. Kila siku nilikuwa namuombea ule mutu aichunge."

Ézéchiel alipokea, akasema wasingya, asante ya kwetu, akarudia tena wasingya. Hakukaa. Niliona akipita kwenye matope ameliinua gitaa kifuani ndani ya lile koti la msaada. Muyisa na Kitsa waliaga mapema kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza walilipa bila kukumbushwa.

Nikabaki naye uani, jua bado liko juu, vikombe vimejaa nzi. Nilianza kuokota. Nilingoja anigombeze, anihesabie yale mapigo, viatu, miaka yote. Angekuwa na haki, na mimi ningekuwa na la kumjibu, maana lile shimo bado ni la ajabu, mpaka leo nasema. Lakini alikuwa anazitazama zile funguo.

"Mama Séphora," akasema. "Wakati inaungua, ililia?"

Nikaweka vikombe chini.

"Ililia."

"Nyuzi zote?"

"Nilisikia tano. Ya sita ile nene, hapana. Nilikuwa nimeingiza mukono."

Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akakunja mkono wa nguo yangu hadi kwenye kiwiko. Kovu lile alikuwa ameliona kila siku kwa miaka minne. Nilikuwa nimemwambia ni uji wa moto. Akapitisha kidole juu yake taratibu, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, kama anatafuta noti.

"Basi ile ya kwanza ilianzaka namna gani?" akauliza. "Niimbie."

Mimi siimbi. Nimeishi na wanamuziki maisha yangu yote na sijawahi kuimba hata kanisani, nachezesha midomo tu. Lakini nilikumbuka sauti ile vizuri kuliko jina langu, na nikaimba zote tano, moja moja, jinsi zilivyokatika, na yeye akazisikiliza mpaka mwisho, akiwa amefumba macho.